Kabla hujamwita dalali, tazama juu

Hivi sisi vijana wa mjini tuna nini? Tukisikia "nyumba ya urithi" hatuulizi nani alijenga. Tunauliza dalali anasemaje.

Kwetu ni Kibiti, na ukoo sasa hivi haukaliki kwa sababu ya nyumba ya babu, ya enzi za Mwingereza. Wala si ghorofa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Lakini tangu Kibiti imegwe kutoka Rufiji ikawa wilaya, miaka ya 2010, kiwanja kando ya barabara ya Lindi ni mshiko wa maana. Binamu zangu wanataka kuuza. Eti ni udongo mtupu!

Udongo mtupu? Hebu tazameni juu, jamani. Nguzo na boriti zile ni mikoko ya delta, na mchwa wamezishindwa mpaka leo. Babu alikuwa mkata boriti. Kazi ile si lelemama: unaingia na mtumbwi maji yakijaa, unakata miguu ikiwa kwenye tope, unabeba begani hadi majini. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalirudi na kusi yamejaa boriti, mpaka Oman na Kuwait. Na umewahi kujiuliza kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za Unguja ni vyembamba? Boriti haikuzidi sana mita 3, basi na upana wa chumba ukaishia hapo. Tajiri alipimiwa chumba na mti wa tope!

Mjerumani aliliona hilo mapema. Mwaka 1898 aliiweka mikoko ile chini ya serikali yake, akawa anauza boriti na magome ya kutengenezea ngozi. Leo ukitaja delta, watu wanakutajia Königsberg, manowari yake iliyokwisha huko tarehe 11 Julai 1915. Vitabu vyake chungu nzima. Wakata boriti je? Hawana kitabu. Wana nyumba.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi. Nimemwambia shangazi, mkubwa wetu: kama lazima iuzwe, tuipige picha kwanza, tuandike majina ya waliozaliwa humo, na boriti zisiende na kiwanja.

Shangazi akanitazama weee.

"Baba, mimi nimezaliwa chumba cha kushoto. Nani kakwambia inauzwa?"

Haya, binamu zangu, mmesikia. Tukutane wiki ijayo.