Damu Itolewe Kwanza, Sindano Baadaye

Ganzi ya miguu ina dawa yake Kariakoo, na dawa hiyo haina foleni. Mtu anashuka basi la Mwendokasi kituo cha Msimbazi, anaingia duka la dawa la kwanza analoliona na kueleza kwamba nyayo zinawaka moto usiku na vidole vya miguu havihisi hata ndara zikivuka. Kabla hajamaliza, mkono wa muuzaji umeshafika kwenye rafu ya vitamini B. Kuna vidonge kwa mwenye haraka, na sindano kwa anayetaka kitu kikali. Mteja analipa, anaondoka. Baada ya wiki mbili anasikia nafuu kidogo, na wenzake wa gengeni wanaambiwa jina la dawa.

Hapo ndipo ushahidi wa ugonjwa unapopotea. Kipimo cha vitamini B12 huangalia kiasi kilichomo kwenye damu siku hiyo. Aliyechomwa sindano juzi atakutwa nayo tele leo, hata kama kwa miaka mingi mwili wake umeshindwa kuinyonya kutoka kwenye chakula. Daktari ataona namba nzuri na kwenda kutafuta ugonjwa mwingine. Mgonjwa atarudi nyumbani na jibu kwamba hana tatizo, akiwa na miguu ileile.

Hakuna anayesema sindano ni mbaya. Mwenye dalili za neva anapaswa kutibiwa haraka, kwa sababu neva zikiharibika muda mrefu hazirudi zote. Ugomvi uko kwenye mpangilio tu. Kutoa damu ni kazi ya dakika chache, na mgonjwa anaweza kuchomwa sindano saa hiyohiyo bila kusubiri majibu. Kinachotakiwa ni chupa ya damu itangulie.

Dar es Salaam ina historia yake na vitamini B, ingawa wakazi wengi wameisahau au hawakuwahi kuisikia. Kuanzia mwaka 1988 madaktari wa macho wa jiji hili walipokea vijana waliokuwa wakipoteza uwezo wa kuona kitu kilicho mbele yao moja kwa moja, macho yote mawili. Baadhi walikuwa na ganzi miguuni pia. Taarifa za kitaalamu kuhusu ugonjwa huo zilichapishwa mwaka 1997 na 1998, muda mfupi baada ya Cuba kupata janga linalofanana nao, ambalo kati ya 1991 na 1993 liliwakumba watu zaidi ya 50,000 na kuifanya serikali ya huko igawe vitamini B nchi nzima. Mwaka 2011 watafiti waliolinganisha wagonjwa wa Dar es Salaam na watu wasiougua walitaja mambo mawili yanayoongeza hatari: uhaba wa foliki asidi mwilini, na moshi ndani ya nyumba. Aliyewahi kuishi chumba kimoja cha kupanga, jiko la mkaa likiwa mlangoni wakati wa mvua, hahitaji kuchorewa picha. Mambo hayo yalijulikana kwa sababu kuna watu walichukua damu na kuuliza maswali.

Upungufu wa damu, dalili nyingine ya kukosa B12, hauna ugeni wowote. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana damu pungufu. Dawa za mtaani kila mtu anazijua: juisi ya rosela, bitiruti, matembele, tende, na vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki ya wajawazito. Vidonge vina madini ya chuma na foliki asidi, na kwa wengi ndivyo vinavyohitajika. Lakini rosela iwe nyekundu namna gani, haina B12. Vitamini hiyo hupatikana kwenye nyama, maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa, pamoja na unga wa viwandani uliorutubishwa. Tena kuna mtego: foliki asidi inaweza kupandisha damu ya mtu mwenye upungufu wa B12 huku neva zake zikiendelea kuharibika. Wingi wa damu unasoma vizuri, mgonjwa anapongezwa, na ganzi inapanda kutoka vidoleni hadi magotini.

Wako pia wanaokula supu ya makongoro kila asubuhi na bado B12 haiwafikii. Kwa kawaida tumbo hutengeneza protini inayoibeba vitamini hiyo hadi mwishoni mwa utumbo mwembamba, ambako hunyonywa. Katika anemia ya penishasi, kinga ya mwili hushambulia chembe za tumbo zinazotengeneza protini hiyo. Mwili unahitaji maikrogramu 2.4 tu kwa siku na ini huweka akiba ya miaka, kwa hiyo ugonjwa hunyemelea taratibu sana. Mtu hudhani ni uzee, au ni uchovu wa kusimama dukani kutwa.

Daktari Thomas Addison aliueleza ugonjwa huu London mwaka 1849, na kwa miongo mingi aliyeupata alikuwa amehukumiwa kifo. Mwaka 1926 George Minot na William Murphy wa Boston wakaonyesha kwamba wagonjwa waliolishwa maini mengi kila siku walipata nafuu kubwa. Wakapewa Tuzo ya Nobel ya 1934 pamoja na George Whipple. Ni maini haya haya yanayochemka asubuhi kwa mama lishe wa Kariakoo, isipokuwa wagonjwa wale walikula kiasi cha kuchukiza, mengine hayajaiva sawasawa. B12 yenyewe ilipatikana ikiwa safi mwaka 1948, na sindano ikachukua nafasi ya sahani.

Kwa muda mrefu vitabu viliuita ugonjwa wa wazee wa Ulaya Kaskazini. Imani hiyo imewagharimu Waafrika, maana daktari hatafuti kitu alichofundishwa kwamba hakipo. Mwaka 1994 madaktari nchini Zimbabwe waliripoti wagonjwa 144 wenye anemia ya chembe kubwa za damu. Zaidi ya asilimia 85 walikuwa na upungufu wa B12, na anemia ya penishasi ndiyo iliyoongoza kama chanzo.

Njia ya kuutafuta huanza na karatasi ambayo wengi wanayo kabatini: majibu ya FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu. Mgonjwa huonyeshwa mstari wa wingi wa damu, kisha karatasi inakunjwa. Mistari michache chini yake kuna MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu, na ikizidi 100 ni lazima mtu aulize kwa nini. Sababu zinaweza kuwa pombe, ini, dawa ya AZT ya virusi vya UKIMWI, au haidroksiyurea wanayotumia wagonjwa wa selimundu. Inaweza pia kuwa B12. Fundi wa maabara mwenye darubini na slaidi anaweza kuona chembe nyeupe zenye kiini kilichogawanyika vipande vitano au sita, ishara ya zamani isiyohitaji mashine ya bei mbaya.

MCV nayo hudanganya. Mtu mwenye upungufu wa B12 na wa madini ya chuma kwa pamoja anaweza kusoma kawaida, kwa kuwa mmoja huvimbisha chembe na mwingine huzipunguza. Pwani yetu ina minyoo ya safura na thalasemia, ambavyo navyo huzipunguza chembe. Mwaka 1988 John Lindenbaum na wenzake huko Marekani walichunguza wagonjwa 141 walioathirika neva au akili kwa kukosa B12. Arobaini kati yao hawakuwa na anemia wala chembe kubwa. Ndiyo maana mwenye ganzi apimwe B12 yenyewe hata damu ikiwa nzuri, na ikionekana ni ndogo atafutiwe kingamwili zinazoishambulia ile protini ya tumbo. Nazo zikikosekana, ugonjwa haujafutwa: karibu nusu ya wagonjwa hawana.

Kundi la kwanza la kupimwa linajulikana. Ni wanaotumia metformin ya kisukari kwa miaka, wanaomeza omeprazole kila siku kwa madonda ya tumbo, wasiokula nyama wala samaki, na waliofanyiwa upasuaji wa tumbo. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kitita cha bima kikijumuisha kipimo cha B12 kwa makundi hayo, kliniki za kisukari zinaweza kukifanya siku ileile wanapopima sukari. Wafamasia nao wafundishwe swali moja la kumuuliza anayelalamikia ganzi: umeshatoa damu?

Atakayekutwa na anemia ya penishasi atahitaji B12 maisha yake yote, mara nyingi sindano ya miligramu moja kila baada ya miezi miwili au mitatu, au vidonge vya kiwango kikubwa kila siku. Bila jina la ugonjwa kwenye faili, ataacha mara tu atakapojisikia vizuri.