Msafara Ukishapita Didia

Katika miaka ya karibuni, msafara wa wapanda baiskeli uitwao Twende Butiama umekuwa ukitoka Dar es Salaam kwenda kijiji alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999. Msafara huo huambatana na upandaji wa miti na misaada kwa shule. Atokaye Nzega kwenda Mwanza kwa barabara kuu hupita Tinde, kisha Didia, kabla ya kuingia mjini Shinyanga. Ni haki kuwashangilia wasafiri wa namna hiyo. Hata hivyo, mwalimu wa sayansi na wanafunzi wake wanapaswa kuuliza mambo mawili: mpanda baiskeli hutumia nini kwa siku moja, na msafara wa hisani uache nini nyuma yake?

Tuanze na hesabu. Mtu aendeshaye kwa kilomita 20 kwa saa katika tambarare hutoa kiasi cha wati 100 kwenye pedeli. Kwa saa 6 atakwenda kilomita 120, na kazi aliyoifanya ni 100 × 3,600 × 6, yaani juli 2,160,000. Misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Kwa hiyo mwili umetumia juli milioni 8.64, sawa na nishati iliyomo katika zaidi ya nusu kilo ya unga wa mahindi. Juli milioni 6.48 zimegeuka joto. Lita moja ya jasho ikikauka mwilini huondoa juli milioni 2.4 hivi, basi msafiri huyo huhitaji kukausha jasho lipatalo lita 2.7. Ndiyo sababu maji ni ya lazima kwake kama tairi. Na ndiyo sababu wapanda baiskeli hufuatana kwa karibu na kupokezana nafasi ya mbele: atanguliaye huwakinga wenzake na upepo, nao hutumia nguvu kidogo kuliko yeye.

Hesabu hiyo ina upande wa pili. Kwa kila kilo na kila kilomita, mpanda baiskeli hutumia karibu moja ya tano tu ya nishati atumiayo mtembea kwa miguu. Wananchi wa Shinyanga waliujua ukweli huu zamani bila vipimo. Kwa baiskeli wamebeba mkaa, maji, pamba na hata abiria, wakaiita daladala. Mwanafunzi wa kike atembeaye masafa marefu kwenda shule ndiye anayestahili kwanza kufaidi uwezo huo.

Manufaa yake yamepimwa. Mwaka 2006 jimbo la Bihar, India, lilianza kuwapa fedha za baiskeli wasichana walioingia sekondari. Uandikishaji wao uliongezeka kwa karibu theluthi moja. Vijijini Zambia, wasichana waliopewa baiskeli walipunguza siku za kukosa masomo kwa zaidi ya robo. Mpango huo wa Zambia haukuishia kugawa baiskeli. Ulifunza pia mafundi na kupeleka vipuri.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Baiskeli ya msaada haiuawi na ajali kubwa. Huuawa na mwiba wa mgunga, gololi zilizokauka grisi, spoku mbili zilizokatika na cheni iliyolegea. Ikikosa kiraka cha bei ndogo, hulazwa ukutani, na msichana hurudia miguu yake. Kwa hiyo napendekeza kwamba atoaye baiskeli kwa shule atoe pamoja nazo pampu, spana, viraka, sulusheni na akiba ya vipuri. Nayo shule iwe na meza ya ufundi chini ya mwalimu wa fizikia.

Wako watakaosema kwamba kuziba pancha si kazi ya mwanafunzi wa sekondari. Lakini Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikusudia kuondoa utengano wa namna hiyo kati ya kitabu na kazi. Baiskeli yenyewe ni maabara. Gia ya mbele ikiwa na meno 48 na ya nyuma 16, gurudumu litazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa pedeli? Gololi hupunguzaje msuguano? Kwa nini breki hupata moto? Mwanafunzi aliyeifungua ekseli kwa mikono yake hatahitaji kukariri majibu. Na spana hizo zishikwe na wasichana wenyewe, maana ndio watakaokuwa njiani peke yao tairi litakapotoboka.

Msafara hupita Didia kwa muda mfupi. Baiskeli iliyotunzwa vema inaweza kumfikisha msichana shuleni kwa miaka yote minne ya sekondari, kisha ikarithiwa na mdogo wake.