SIMU ILIYOKUFA NA WAJIBU WETU

Kila apitaye Kariakoo, katika Mtaa wa Aggrey na vichochoro vya jirani, huwaona mafundi wa simu wameinama juu ya meza zao ndogo. Simu ambayo mwenyewe amekwisha kuikatia tamaa, fundi huifungua, akaitia kioo kilichotoka katika simu nyingine, akaikabidhi ikiwa nzima. Kazi hii ni ya heshima. Humwokoa mtu mwenye kipato kidogo, na huliokoa taifa lisitupe mali ambayo bado yafaa.

Lakini hata fundi hodari hawezi kumfufua kila mfu. Kioo na spika zikisha kuondolewa, hubaki betri iliyovimba, bodi na ganda. Mabaki hayo huenda wapi? Mengine huchanganywa na taka za nyumbani na kusafiri mpaka dampo la Pugu. Mengine huuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Na nyaya huchomwa moto ili shaba ipatikane. Moshi wa plastiki hiyo ni sumu. Betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kulipuka moto. Risasi iliyomo katika lehemu ya simu za zamani haiozi ardhini, na huwadhuru zaidi watoto. Avutaye moshi huo si mwagizaji wa simu wala mwenye duka. Ni kijana atafutaye fedha ya chakula cha siku. Faida imekwenda kwa mmoja, madhara yamemwangukia mwingine. Hiyo si haki.

Tena twatupa utajiri. Tani moja ya simu huwa na dhahabu zaidi ya gramu 200, hali tani moja ya mwamba wa machimboni kwa kawaida hutoa gramu chache tu. Dhahabu hiyo haifai kutafutwa kwa moto wa uani wala kwa tindikali ya ndooni. Hutolewa katika viwanda maalumu, kama kile cha Hoboken nchini Ubelgiji, ambako moshi huchujwa. Kazi ya hapa kwetu ni kukusanya, kufungua kwa usalama na kutenga kila kitu mahali pake. Nayo yaweza kuwapatia vijana wetu ajira.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilipitishwa mwaka 2004, na mwaka 2021 zikatolewa kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Mwezi Juni 2016 nchi hii ilizizima simu bandia, ikadhihirika kwamba Serikali ikiamua jambo la simu, laweza kutendeka. Nguvu iliyotumika mlango wa kuingilia, itumike na mlango wa kutokea.

Kwa hiyo twasema hivi: kila duka liuzalo simu Kariakoo liwe na sanduku la kupokea simu zilizokufa na betri zake, na gharama ya kuziondoa iwe juu ya waagizaji waliozileta. Mafundi wasifukuzwe, wafundishwe, wawe wakusanyaji wa kwanza, na walipwe kwa kila kilo. Na wewe mwananchi, uliyehifadhi simu mbovu katika mtoto wa meza, usiitupe betri jaani.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Sumu ikimwagwa leo katika bonde la Msimbazi, kesho imo katika mchicha tuununuao sokoni.