Kapolowe: fosi septiki ao bomba la uchafu, nani atalipa?

Kapolowe, kati ya Likasi na Lubumbashi, mambo ya choo ni ya kila mwenye parsele. Mmoja anachimba shimo nyuma ya nyumba, mwingine mwenye uwezo anajenga fosi septiki ya bloki na simenti. Shimo likijaa, anachimba ingine. Parsele ikiwa kubwa, hilo halisumbui mtu. Lakini ikikatwa mara mbili, mara tatu, kisima kinajikuta karibu na choo cha jirani. Ndipo swali linakuja: kuendelea na fosi, ao kuomba egu, lile bomba kubwa lenye kukusanya uchafu wa nyumba zote?

Tuanze na makuta. Fosi inalipwa mara moja, kisha inasahaulika mpaka ijae. Egu inalipwa kila mwezi. Kule Nairobi, kwa miaka mingi, ada ya maji machafu ilihesabiwa asilimia 75 ya pesa ya maji. Kwa hesabu hiyo, mwenye faktura ya maji ya franka 10 000 angelipa 17 500. Na mwenye kuteka kisimani, hana kompta wala faktura, atalipishwa namna gani? Halafu kuna mufereji wa kutoka nyumbani mpaka barabarani, na choo chenyewe cha kubadilisha. Kama mpangaji ndiye mwenye kukaa mule, mwenye nyumba atapandisha kodi tu.

Tena egu inaomba maji. Nyumba ya watu 7, kila mmoja akienda mara 4 kwa siku, lita 6 kila mara, ni lita 168. Hiyo inapita bidoni 8 za lita 20, kila siku, kwa choo peke yake. Nani atazibeba? Ni wamama na watoto, kila mtu anajua. Na umeme ukikatika, pompi za maji zinasimama, hata kama stima ya Mwadingusha iko karibu hapo na inatoa umeme tangu 1930.

Ni lile barraji la Mwadingusha lililozaa ziwa Tshangalele, lenye kulisha wavuvi na soko la samaki. Mto Panda unapita Likasi, kwenye viwanda, na maji yake yanaishia mule. Bomba lisilo na kituo cha kusafisha litahamisha choo tu, kutoka parsele kwenda kwenye samaki.

Zambia jirani iliumizwa na hii kazi ya vyoo na visima. Kolera iliyoanza mwisho wa 2023 iliua watu zaidi ya 700, na Lusaka ndiyo iliguswa zaidi. Mashimo ya vyoo na visima vifupi vinagawana mwamba mmoja wenye nyufa. Mwaka 2015 Benki ya Dunia ilikuwa imepitisha dola milioni 65 kwa usafi wa Lusaka. Hata kwa pesa hiyo, egu haikupangwa kwa kila mtaa: sehemu ilikuwa ya vyoo bora na kazi ya kuvitapisha. Kama muji mkuu ulifanya hivyo, Kapolowe ingekosea kurukia egu kwanza.

Lakini fosi nayo ina sheria yake. Kipimo chenye kutumiwa na mashirika ya misaada ni mita 30 kati ya shimo la choo na kisima. Parsele ya mita 15 kwa 20, hata ukipima pembe kwa pembe, ina mita 25 tu. Basi mtu peke yake hawezi kulinda kisima chake. Ni avenue nzima inapaswa kupatana: visima vipi vifungwe, na robine ya wote iwekwe wapi.

Pesa? Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 iliweka kazi ya maji mikononi mwa majimbo na serkali za chini. Kodi ya migodi ya 2018 inaachia jimbo asilimia 25 ya redevansi, na eneo lenye mgodi asilimia 15. Tena kampuni inapaswa kutoa asilimia 0,3 ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji. Wakati wa kuandika kaye desharji, watu huomba masomo na barabara. Camion ya kutapisha fosi haitajwi mara nyingi. Na ikipatikana, wakaaji waulize mapema mazuti italipwa na nani, na uchafu utamwagwa wapi.