Uzoefu wa mpakani ni mtaji kwa anayetafuta kazi ya kompyuta

JINJA/MBALE — Kwa miaka mingi kijana wa Jinja au Mbale aliyetaka kupata riziki kutokana na shehena zinazopita alikuwa na njia moja iliyoeleweka. Aliajiriwa na wakala wa forodha Malaba au Busia, akajaza fomu, akabeba faili kutoka dirisha moja hadi jingine na kumsubiri dereva. Njia hiyo sasa imekuwa nyembamba, na wengi walioizoea wanajiuliza waende wapi.

Mabadiliko hayo hayakuja siku moja. Kuanzia mwaka 2014 Himaya Moja ya Forodha ilianza kutekelezwa hatua kwa hatua, na shehena za Uganda zinazopitia Mombasa zikawa zinalipiwa ushuru zikiwa bado bandarini. Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya wakati huo na Rais Yoweri Museveni wa Uganda walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo lori hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja.

Kwa mwenye lori hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Kwa karani aliyeishi kwa kusukuma makaratasi mpakani, ilikuwa ni kupungukiwa na kazi.

Kazi imehama, haikufa

Hata hivyo, kazi yenyewe haikutoweka. Imehamia ndani ya mifumo ya kompyuta. Matamko ya forodha Uganda hupita katika mfumo wa ASYCUDA World. Tangu mwaka 2017, Uganda, Kenya na Rwanda zinafuatilia shehena za kupita kwa mfumo wa pamoja wa lakiri za kielektroniki. Aidha, tangu Januari 2021 wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT nchini Uganda wanatakiwa kutoa ankara kupitia mfumo wa EFRIS wa Mamlaka ya Mapato, URA. Mfumo huo ulizua mgomo wa wenye maduka Kampala mwezi Aprili 2024, na sehemu ya manung'uniko ilikuwa kwamba watu hawakuuelewa.

Hapo ndipo penye nafasi. Mifumo hiyo haihitaji waandishi wa programu peke yao. Inahitaji mtu wa kufuatilia malori kwenye skrini, mtu wa kumwelekeza mwenye duka ankara inapokataa, mtu wa kujaribu mfumo mpya kabla haujapewa wateja, na mtu wa kusafisha orodha za bidhaa ili namba za ushuru ziwe sahihi.

Chukua mfano wa lori lililosimama saa nne usiku kati ya Bugiri na Iganga. Kompyuta itatoa tahadhari, lakini haijui kama tairi limepasuka, dereva amelala pale madereva wanapolala siku zote, au mzigo unashushwa kichochoro. Aliyefanya kazi na madereva miaka 10 anajua ampigie nani na aulize nini.

Ni vivyo hivyo kwa namba za ushuru. Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Afrika Mashariki hutumia namba za tarakimu 8, na tangu Julai 2022 una kiwango cha asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa. Kosa la tarakimu moja laweza kumgharimu mwagizaji fedha nyingi. Kijana aliyetoka chuoni na shahada ya kompyuta hana ujuzi huo; karani wa forodha anao tayari.

Namna ya kuuza uzoefu

Kosa la wengi ni kuandika katika barua ya maombi kwamba wana "uzoefu wa miaka mingi katika forodha" na kuishia hapo. Mwajiri anataka kusikia tatizo na namna lilivyotatuliwa: matamko mangapi kwa wiki, yapi yalikuwa yakirudishwa, na nini kilibadilishwa ili yasirudishwe tena.

Kinachofuata ni kuonyesha kazi. Jedwali la kompyuta linalolinganisha siku ya kupakia Mombasa, ya kufika Malaba na ya kushusha Jinja, na kuonyesha saa zinapotelea wapi, lina uzito kuliko cheti cha kozi ya wiki mbili. Baada ya kumudu majedwali, hatua inayofuata ni SQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye hifadhidata.

Tahadhari moja: asichukue nyaraka za wateja wa mwajiri wa zamani kuwa kielelezo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 inalinda taarifa binafsi za watu, na siri ya mteja ndiyo heshima ya wakala. Atengeneze mfano wenye majina na namba za kubuni.

Ipo bei ya kulipa

Wanaobadili kazi wasidanganyike. Karani mkongwe anaweza kuanza na mshahara mdogo kuliko aliouzoea, chini ya msimamizi aliye mdogo kwake. Wala kampuni za teknolojia si ngome: Sendy ya Nairobi, iliyounganisha wenye mizigo na wenye magari, ilisimamisha shughuli mwaka 2023. Anayeingia huko asiache kufahamiana na watu wa barabarani.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza inaweza kuwa karibu kuliko Kampala. Jinja ina viwanda na ipo kwenye barabara kuu ya kwenda Kampala. Mbale ina eneo la viwanda na ipo kwenye njia ya Soroti, Lira na Sudan Kusini. Msafirishaji mwenye malori 10 anayelipia vifaa vya kufuatilia magari, lakini hana mtu wa kusoma taarifa zake, anapoteza fedha kila mwezi.

Kabla ya kutangaza nafasi ya "mtaalamu wa kompyuta", msafirishaji huyo angetazama kwanza nani ofisini mwake hupigiwa simu gari linapokwama Malaba. Kumfundisha huyo kompyuta huenda kukawa rahisi kuliko kumfundisha mgeni barabara.