Kumbi na Tui

Usiku wa hitma ya bibi yangu, Bagamoyo, kijana mmoja wa ukoo wetu aliinuka katikati ya dhikri akasema tunamshirikisha Mungu. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni. Kwa kauli yake bibi alikufa mshirikina, maana alikuwa mtu wa Kadiria, tena alizoea kusema kwamba popote atazamapo haoni ila Yeye. "Mungu ni mmoja," akanyanyua kidole, "yuko juu ya Arshi, na viumbe ni viumbe. Basi!"

Usiku ule nilinyamaza, kwa heshima ya marehemu. Leo namjibu.

Ndugu msomaji, mmoja huyo ni mmoja wa namna gani? Kama embe moja juu ya sinia? Embe laweza kuongezwa la pili. Anayemhesabu Mungu hivyo amekwisha mpanga pamoja na vitu, ila amesema tu kwamba safu yake ina kimoja. Atanijibu kuwa yeye hamfananishi na chochote. Vyema! Basi kile kidole kilikuwa kinaonyesha wapi? Na bibi hakusema mti ni Mungu, hasha. Alisema mti hauna chake; usiposhikiliwa na Yeye, hakuna mti.

Wala hayo si maneno ya wasiosoma. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa mwanasheria wa madhehebu ya Shafi, yale yale tunayoyafuata pwani hii, na alifundisha sheria katika chuo cha Nidhamiya, Baghdad. Katika Ihya alizifananisha daraja nne za tauhidi na tunda la jozi: ganda la nje, ganda la ndani, kiini, na mafuta ya kiini. Sisi hatuna jozi, tuna nazi. Kumbi ni ulimi kutamka huku moyo umelala. Kifuu ni moyo kusadiki, na hapo ndipo tulipo wengi wetu. Nyama ni kuona kwamba yote yatoka kwa Mmoja. Tui ni kutoona kilichopo ila Mmoja.

Kijana wetu ameshika kifuu, na kifuu ni kitu cha kweli, kinahifadhi. Kosa lake ni kuapa kwamba ndani hamna kitu.

Na upande wetu nao una wapuuzi wake: wale wanaoacha sala kwa madai kwamba wamekwisha fika. Hao wameangua dafu wakayaita maji yake tui. Bibi sala ya alfajiri haikumpita, hata miaka ya mwisho alipokuwa akiisali amekaa juu ya mkeka.

Kijana aliondoka kabla pilau haijapakuliwa. Mama alimfunikia sahani yake mpaka asubuhi.