Mashine Ishauri, Mtu Aamue

Mwezi wa Julai 2024, mjini Accra, Baraza la Utendaji la Umoja wa Afrika liliidhinisha Mkakati wa Bara kuhusu Akili Bandia. Serikali zinazofuata njia hiyo zahitaji watu wa kupanga, miaka mingi mbele, namna mashine hizi zitakavyotumika. Kazi hiyo ni nzito, nasi twapenda kuwaambia wenye kuifanya neno moja litokanalo na kazi ya askari.

Katika chuo cha maofisa, mwanafunzi hufundishwa kwamba mpango wa vita haukamiliki kwa kuhesabu silaha. Sharti utaje ni nani mwenye amri, na ni nani atakayeshika nafasi yake akianguka.

Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, Luteni Kanali Stanislav Petrov wa jeshi la Muungano wa Sovieti alikuwa zamu katika kituo cha tahadhari karibu na Moscow. Kompyuta zikatangaza kwamba Marekani imerusha makombora matano. Petrov alijiuliza: ni nani aanzaye vita kuu kwa makombora matano tu? Tena rada za ardhini hazikuona kitu. Akaripoti kuwa ni kosa la mitambo, na kweli ilikuwa hivyo: setilaiti zilidanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakupata nishani, bali alikaripiwa kwa kutojaza daftari la zamu.

Lakini mtu kuwapo tu hakutoshi. Tarehe 3 Julai 1988, manowari ya Marekani iitwayo Vincennes iliitungua ndege ya abiria ya Iran katika Ghuba, na watu 290 wakafa. Kompyuta za manowari zilionyesha sawasawa kwamba ndege inapanda. Mabaharia, katika hofu na haraka ya mapigano, waliamini kwamba inashuka kuwashambulia.

Basi mpanga mikakati asiandike kwamba "mtu atasimamia" kisha akaweka kalamu chini. Aandike mtu huyo ni nani, amefunzwa nini, ana dakika ngapi za kufikiri, na kama anayo ruhusa ya kuikatalia mashine bila ya kuadhibiwa. Jambo hili si la makambini peke yake. Lahusu pia hospitali itakayotumia mashine kusoma picha za mapafu, na benki itakayoiachia mashine kuamua ni mkulima yupi apewe mkopo. Mkulima aliyenyimwa sharti ampate afisa wa kumwuliza sababu, na afisa huyo awe na uwezo wa kubadili uamuzi.

Mashine za leo zina kasi kubwa kuliko zile za 1983, na kasi hiyo ndiyo iwezayo kumnyang'anya mtu nafasi ya kufikiri. Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu. Twawaomba wapangaji wetu wailinde nafasi hiyo kwa maandishi, kabla mtambo wa kwanza haujanunuliwa.